LUPANGO NI UA
Jibu kwa wale wanaosema kama kuku haifungwe

Katika mkutano mmoja wa chama chetu, tulipokuwa tunachagua desturi za kuweka katika kijitabu hiki, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema kama kufunga kuku ni mambo ya Wazungu. Alisema hivi: «Kwetu kuku haifungwe. Kuku haina mupaka. Mwenye kulima mboga, ajifungie mboga yake.» Watu wakacheka, wakapiga mikono. Na mimi nilipiga mikono. Mzee akisema neno tamu na watu wakicheka, mikono inajipiga yenyewe. Kiisha nikarudi kwangu Katuba kwa miguu, na njiani aibu ikanishika. Ninaandika kurasa hizi juu ya kutosha ile aibu.

Aibu gani? Ni kwamba mimi mwenyewe nilikwisha kutumia neno lile lile kwa kukata mambo ya watu, na nilikata vibaya.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, mwezi wa tano. Katika avenyu yetu kulikuwa mama mmoja mwenye matuta nane ya mboga nyuma ya nyumba: lengalenga, matembele, na shinwa kidogo. Bwana yake alikuwa mmoja wa wale walioacha kazi ya Gécamines kwa ile mpango wa mwaka 2003, wakapewa feza moja ya mwisho, na feza ile haikuona Noeli ya pili. Kwa hiyo mboga njo ilikuwa mshahara wa nyumba. Ngambo ya kijia alikuwa baba mmoja, mtu mwema, mwenye kuku kumi na nne na jogoo moja. Katikati yao hapakuwa ukuta; palikuwa paka mstari wa miti ya zamani, penye matundu ambayo hata mbuzi ilikuwa inapita. Siku tatu kwa kufuatana, kuku ziliingia asubuhi, mama akiwa amekwenda kuchota maji. Siku ya tatu, kati ya matuta nane yalibaki mawili.

Mama alipeleka maneno kwa shefu wa avenyu. Shefu akaita wazee watatu kwa kusikiliza, na mimi nikiwa mmoja, sababu nilifundisha miaka mingi na watu wanaona kama mwalimu anajua kila kitu. Nilimuuliza:

«Mama, bustani yako iko na lupango?»

«Hapana, mwalimu.»

«Basi kuku ilijua namna gani kama haipashwe kuingia?»

Watu walicheka. Sitaficha: nilifurahi sana na ile ulizo langu. Mama hakucheka. Alisema: «Mwalimu, feza ya lupango nitatosha wapi? Ni hii mboga njo ilikuwa ya kuleta feza.» Nikamjibu na ile neno la mzee wetu, kuku haina mupaka, tangu zamani za bakambo. Tukakata: mama afunge bustani yake, na baba achunge kuku zake kama ataweza. Kama ataweza! Hukumu yote ilikuwa ndani ya yale maneno mawili.

Siku kumi zilipopita, kuku tano za yule baba zilikutwa zimekufa asubuhi. Mama alikuwa amechanga sumu ya panya na bukari ya jana, akatupa katikati ya matuta. Batoto wa baba waliokota kuku mbili. Kuku ikifa kwetu, nani anaizika? Wakanyonyoa, wakaweka chungu kwenye makala. Na aliyewaokoa ni mama mwenyewe. Aliona moshi, aliona manyoya mlangoni, akatoka mbio anavuka kijia, anapiga kelele: «Musikule! Musikule ile kuku!» Kwa kelele ile alijishitaki mbele ya avenyu yote. Hakuna mtoto aliyekula. Lakini tangu siku ile jina lake likawa mulozi. Batoto wakimwona wanahama ngambo ingine ya njia. Mboga yake hakuna jirani anayenunua tena. Anapashwa kuibeba kichwani mpaka soko ambako hawamjui.

Sisemi alifanya vizuri. Kutega sumu mahali batoto wanapita ni kosa kubwa, na yeye anajua. Lakini ninauliza: ile sumu, mtu wa kwanza kuichanga ni nani? Ninasema ni sisi wazee watatu, na mimi wa kwanza. Mtu mwenye haki alikuja kutafuta haki, tukampa mezali.

Sasa nimjibu mzee wetu, kwa heshima yote.

Wa kwanza kumjibu ni neno letu wenyewe. Hapa Lubumbashi parsele tunaita lupango. Mwenye parsele ni mwenye lupango. Tunauzisha lupango, tunagombania lupango mbele ya mahakama. Na lupango ni nini? Muulize mtu anayesema Kibemba: ni ua, ni fito na majani yanayozunguka mahali. Bakambo waliona ua, na mahali pote panapokuwa ndani ya ua wakapaita kwa jina la ua. Sasa watu ambao kwao neno la kiwanja na neno la ukigo ni neno moja, tutasema kama kufunga si desturi yao? Mzee wetu anaikala katika lupango tangu miaka arobaini, na kila mwezi anapokea feza ya wapangaji kama mwenye lupango. Alisahau anachokisema kwa kinywa chake kila siku.

Wa pili ni mezali ingine, ambayo yeye hakuileta: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila Mswahili anaijua. Tunaitumia kwa kusema juu ya mgeni asiyezoea bado, lakini mezali haizaliwe katika hewa. Ilizaliwa sababu watu walikuwa wanafunga kuku kamba! Kuku iliyonunuliwa ao iliyotolewa zawadi, ilifungwa mguu siku kadhaa mpaka inajua nyumba yake. Na tetea mwenye vifaranga alifunikwa chini ya kitunga, juu ya kipanga. Na usiku kuku zote zililala katika kibanda chao juu ya miti, mlango umefungwa, juu ya wanyama wa pori. Kamba, kitunga, kibanda: hizi tatu ni nini kama si kufunga? Bakambo walifunga kuku kila mara walipoona hasara inakuja. Tofauti ni moja tu: walifunga kama hasara ilikuwa yao wenyewe.

Lakini ninajua mzee atasema: mchana zilikuwa zinatembea bure mukini mote. Ndiyo, ni kweli. Tuangalie basi sababu gani. Hapa njo penye mambo yenyewe, na ninaomba msomaji asiharakishe.

Katika mukini ya bakambo, nyumba zilikuwa pamoja, na mashamba yalikuwa mbali. Kwa Balamba, kwa Babemba na jirani zao, watu walikata matawi ya miti, wakayakusanya, wakachoma, wakapanda ulezi katika majivu. Ile shamba tunaita chitemene, na iliweza kuwa mwendo wa saa nzima kutoka nyumba. Kuku gani itatembea saa nzima kwenda kuchokora ulezi? Na mboga? Mboga nyingi ilikuwa ya kuchuma katika pori, ao ilijiotea. Lengalenga ilikuwa inaota yenyewe kwenye jalala, nyuma ya nyumba, pamoja na kuku, na hakuna aliyeihesabu. Basi kuku haikuwa na mpaka sababu hapakuwa kitu karibu cha kuharibu. Ile haikuwa sheria. Ilikuwa nafasi.

Na pale palipokuwa kitu cha kuharibu, je? Wale tuliokulia mukini tunakumbuka vizuri. Mihogo ao mahindi yakianikwa kwenye mkeka, mtoto aliwekwa pale na fimbo. Mimi niliwekwa. Jua linapiga, wenzangu wanakwenda mtoni, na mimi ninakaa kama askari wa mahindi: shuu! shuu! Kama kuku ilikula, aliyepigwa alikuwa mimi. Kwa hiyo desturi ya kweli ilikuwa hivi: kuku inatembea, na mtu anachunga. Ule uhuru wa kuku ulilipwa na mtoto. Leo mtoto yuko masomoni tangu asubuhi, na ni vizuri awe huko. Mama yuko sokoni ao kwenye robine. Tulitosha mchungaji, tukabakisha uhuru, na sasa tunauita desturi. Nusu ya desturi si desturi. Ni kama mtu anayekula mahari na anakatala kutoa binti.

Tena ukumbuke mbuzi. Mbuzi ikiingia katika shamba la mtu, mwenye mbuzi analipa. Hilo hakuna mzee anayelikatala, hata huyu wetu. Wakati wa mvua mbuzi inafungwa kamba. Mavuno yakiisha inaachiliwa. Basi sababu gani mbuzi iwe na mwenyewe na kuku isiwe na mwenyewe? Watu watasema: kuku ni kitu kidogo. Lakini mtu akiiba ile kitu kidogo! Utaona mwenyewe anavyojua kuku yake kati ya kuku mia: ile yenye kitambaa chekundu mguuni, ile yenye kidole cha kukatika. Atazunguka avenyu tatu usiku na taa. Kuku ikipotea, ina mwenyewe. Ikiharibu, ni ya Mungu. Hii si desturi, bandugu. Huu ni ujanja.

Na ninafikiri ninajua ujanja huu ulitoka wapi, hata kama neno hili litachukiza wengine. Kwa makabila mengi ya Kongo, bamama walikatazwa kula kuku, ao kula mayai, ao vyote viwili. Na hata leo, katika nyumba ambako mama anakula kuku bila neno, firigisi inapashwa kufika katika sahani ya baba. Jaribu kuikosa, utaona kikao cha ukoo. Kuku ilikuwa nyama ya wageni wa baba, ya shemeji, ya kumaliza mambo ya ukoo. Mama aliilisha, mama aliipika, hakuionja. Na mboga ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mama: yeye analima, yeye anachuma, yeye anahangaika siku haipo. Basi kuku ilipoharibu mboga, mali ya baba ilikuwa inaharibu kazi ya mama. Na waliokuwa wanakaa chini ya mti kwa kukata mambo walikuwa wababa. Unashangaa kama walikuta kuku haina mpaka?

Hata sisi watatu siku ile tulikuwa wababa watatu.

Wengine watasema: mwalimu, unaleta siasa katika matuta ya lengalenga. Mambo ya mboga ya bamama, yamemalizwa na bamama. Ninajibu: zamani ingewezekana kusema hivyo. Wakati Union Minière ilikuwa inatoa poso, unga ulifika nyumbani kila juma, na kituta cha mama kilikuwa cha kuongeza ladha. Lakini mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na Gécamines yenyewe ikafuata kuanguka kidogo kidogo. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa ile mpango wa kuondoka kwa kupenda, na kila mtu anajua kupenda kulikuwa kwa namna gani. Tangu wakati ule nyumba ngapi za mji huu zinasimama juu ya mboga? Fungu la lengalenga sokoni njo kalamu ya mtoto. Anayeharibu matuta nane leo hakuharibu mboga, ameharibu minervali. Na aliyezoea kusema «mambo ya bamama» anakula ile mambo ya bamama kila jioni na bukari.

Niseme sasa kidogo juu ya kuku yenyewe, sababu tunagombana juu ya mnyama ambaye hatumwangalii.

Kuku haiingii bustanini juu ya uchokozi, na mara nyingi haiingii hata juu ya mboga. Angalia avenyu zetu mwezi wa saba: vumbi jekundu, udongo mgumu kama tofali. Mahali pamoja tu pana udongo laini na wenye maji, nako ni kwenye tuta ambalo mama alimwagilia asubuhi. Mule ndani mnyoo unapanda juu, wadudu wanakuja. Kuku inafuata mnyoo. Inachokora kwa miguu yote miwili, na mbegu ya lengalenga, ambayo ni ndogo kama vumbi la baruti, inarushwa hewani. Mche wa juma mbili unang'olewa bila kuliwa. Tena udongo ule ukikauka kidogo, kuku inalala ndani na kujioga vumbi, na pale hakuoti kitu tena. Kwa hiyo kumwambia mama «fukuza» ni bure. Utafukuza mara hamsini, na mara ya hamsini na moja utakuwa chooni.

Nini inawezekana? Mambo mengi, na hakuna hata moja la Kizungu.

Ya kwanza ni saa. Kuku ibaki ndani asubuhi, wakati matuta yamemwagiliwa na watu hawapo, ifunguliwe saa kumi ya jioni wakati batoto wamerudi. Jioni kuku haiendi mbali. Inazunguka karibu, inajaza tumbo, jua likishuka inatafuta kibanda yenyewe. Kuku iliyozoea saa hii inasimama mlangoni inangoja, sawa mfanyakazi anangoja kengele. Tena inataga ndani, na hauzunguki kwa jirani kutafuta mayai. Tena mavi yake yanabaki mahali pamoja: yaache yaoze miezi michache, sababu mabichi yanaunguza mche, kiisha yapeleke kwenye tuta. Mwenye kuku na mwenye mboga wangeuziana kitu pale, kuliko kutegeana sumu.

Ya pili ni bawa. Kuku inayoruka ua, ukate manyoya marefu ya bawa moja. Moja tu, si mawili! Ukikata mawili inajifunza kuruka na yaliyobaki. Ukikata moja inapinduka upande na inaacha. Haiumi, ni kama kukata kucha, ila usiguse unyoya mpya ambao bado una damu ndani. Kiisha manyoya yanarudi yenyewe wakati wa kubadili, na utakata tena.

Ya tatu ni kufunika. Tuta lililopandwa leo, weka matawi ya miiba juu, ao mustikere ya kuzeeka, ile ya kufunika kitanda, imefungwa pembe nne kwa mawe. Majuma matatu ya kwanza njo ya hatari. Mche ukikamata nguvu, kuku inapunguza hasara, hata kama haiishi. Na uipatie kuku mahali pake pa kujioga: shimo kidogo na majivu chini ya mwembe. Ikiwa na pake, inasahau kwako.

Ua wa matete unafaa, kama unapanda juu ya kifua cha mtu na chini haukuacha tundu, sababu kifaranga kinapita mahali ngumi ya mtoto inapita. Lakini matete ni feza, na kiangazi cha tatu yameoza. Ua wa miti mizima ni bora, ila unaomba miaka.

Sasa nifike kwa ubishi ambao ni wa kweli, na ambao mzee wetu angepashwa kuuleta mahali pa kuleta Wazungu. Kuku iliyofungwa inapashwa kulishwa. Kuku inayotembea inajilisha: mchwa, makombo, majani. Mama mjane mwenye tetea mbili atanunua wapi chakula? Ninakubali. Siwezi kumwambia mtu maskini afunge kuku siku nzima kiisha aiangalie inakufa njaa. Njo maana ninasema saa, sisemi gereza. Na kwa nusu siku ile, pumba ya mahindi inapatikana kwenye mashini ya kusaga kwa bei kidogo, majani ya mboga yanayotupwa sokoni jioni ni bure, na mchwa, katika Katanga hii yenye vichuguu virefu kupita nyumba, tutasema haupo? Mtoto mmoja na kopo anaweza kuleta wa kutosha mbele ya kwenda masomoni. Ni taabu, ndiyo. Lakini taabu ile leo anaibeba nani? Anaibeba mwenye mboga. Mimi ninaomba tu iende kwa mwenye mayai.

Na faida ingine mwenye kuku asiisahau. Tauni ya kuku, ile tunayoita Newcastle, inayomaliza kibanda kizima kwa siku chache, inatembea kwa miguu ya kuku. Kuku ya kwako inakunywa maji ya kwangu, ya kwangu inachokora jalala ya kwake. Dawa ya chanjo ipo, tone moja ndani ya jicho, lakini utachanja namna gani kuku usizojua ziko avenyu gani? Wale wanaojisifu kuku zao ziko huru, kila mwaka ninawaona wanazika uhuru ule katika shimo moja. Na kwa sisi wenye kuikala chini ya vumbi la viwanda vya shaba, kungekuwa neno la kuongeza juu ya kile ambacho kuku inameza pamoja na udongo na kinachofika katika yai. Lakini hilo ni la kijitabu kingine.

Basi chama chetu kifanye nini? Ninaomba mambo machache, na ninayaandika waziwazi ili asiye na roho ya kukubali akatale waziwazi vilevile.

Katika kijitabu hiki, pale penye sura ya desturi za ufugaji, isiandikwe kama kuku haina mupaka. Iandikwe ukweli: kwamba kuku ilitembea mahali hapakuwa kitu, ilichungwa mahali palikuwa kitu, na ilifungwa mahali mtu aliogopa hasara yake. Mtoto atakayesoma miaka ishirini inayokuja asije akatumia jina la bakambo kwa kuharibu kituta cha mama yake.

Kwa bashefu wa avenyu, tuwapelekee neno hili: toka siku mbegu imeingia katika udongo mpaka mboga imekatwa, mwenye mnyama njo mwenye kulipa, na kuku ni mnyama sawa mbuzi. Asiyekuwa na feza alipe kwa kazi: atarudisha matuta, atachota maji ya kumwagilia majuma manne ao matano, mpaka lengalenga inafika ile kipimo ilikuwa nacho. Na ua kati ya lupango mbili, wenye lupango wawili wajenge pamoja, nusu kwa nusu. Sijaona bado sababu gani anayeharibiwa ajenge peke yake.

Na wakati wa kusikiliza mambo ya namna hii, mama mmoja ao wawili wakae upande wa wazee. Sisemi wakae nyuma na kujibu wakiulizwa. Wakae upande wa kukata. Siku ile kama mama mmoja angekuwa karibu yangu nilipouliza lile ulizo langu la kuchekesha, ninafikiri asingecheka, na labda mimi ningesikia mbaya kabla ya kuendelea.

Najua mzee wetu atanijibu, na ninamngoja. Aseme anavyotaka juu ya Wazungu. Lakini anionyeshe kwanza mahali bakambo walimwambia mtu aliyeharibiwa kama kosa ni lake sababu alipanda.

Juu ya yule mama, watu watauliza. Mwaka uliofuata nilinunua vifungu vinne vya matete nikavipeleka kwake mimi mwenyewe, bila shefu na bila mashahidi. Nilimwambia nilikata vibaya. Hakunijibu neno. Alichukua matete, akayaweka chini ya paa yasinyeshewe, akarudi kuinama kwenye tuta lake. Yule baba wa kuku alikuja jioni na nyundo na misumari, wakajenga upande wa kijia mpaka giza, wanasemezana paka mambo ya misumari. Kuku zake sasa ni sita, zinafunguliwa saa kumi. Batoto wa avenyu bado wanahama ngambo ya njia wakimwona mama, na hilo sijui litachukua miaka mingapi.